Kapteri ya kranki imevunjikia ndani ya motere (injini): nitoeje kipande bila kufungua mfuniko?

Mwana_Nguba:
Jambo wandugu. Naomba ushauri, hasa ninyi mafundi. Niko Bukavu. Gari ni RAV4 ya 2002, ile ya 1.8 yenye motere 1ZZ, inavuta mbele tu. Wiki tatu hizi ilikuwa inazima ikishapata joto. Napanda Kadutu, katikati ya mlima inakata. Natia jiwe chini ya gurudumu, nangoja nusu saa, inawaka kama haijawahi kuugua. Mashine ya kusoma makosa ilitoa P0335, yaani kapteri (Watanzania wanaita sensa) inayosoma mzunguko wa kranki, ule mhimili mkuu wa motere.

Jana fundi alifungua bulo (bolti) yake, ni moja tu, ya klee (spana) 10, akaivuta kwa pensi. Haikutoka. Akaongeza nguvu, tukasikia "ta!" Shingo ya plastiki imebaki mkononi mwake, kichwa kimebaki ndani ya mfuniko wa mnyororo, kimelingana na tundu. Sasa anataka kukigonga kiingie ndani, eti kitaanguka kwenye karteri ya mafuta (bakuli la chini ya motere) na hakina neno. Nimekataa, lakini sijui kama nimekataa kwa akili au kwa woga.

Muzee_Katuba:
Kwa akili, mdogo wangu. Nyuma ya hicho kichwa kuna sahani ya meno inayozunguka na kranki, na mnyororo uko hapo hapo. Kipande hakitaenda karteri kwa adabu kama anavyofikiri. Kikinasa kati ya mnyororo na meno utauza hiyo gari kwa kilo.

Turnavisi:
Mnamtisha bure. Chukua drili, toboa katikati, dakika tano kimekwisha.

Muzee_Katuba:
Turnavisi, umewahi kupasua moja ukaona kilicho ndani? Ni koili na sumaku. Ukitoboa mpaka mwisho unavunja sumaku, na vipande vyake vitakwenda kushika chuma, yaani meno yale yale ambayo kapteri mpya inatakiwa kuyasoma.

Mwana_Nguba, kosa la fundi wako lilikuwa kuvuta kabla ya kuzungusha. Mfuniko ni wa aluminiamu. Maji na tope vinazaa ule unga mweupe, unga unavimba na kuibana kapteri pande zote. Ukivuta moja kwa moja plastiki haiwezi kushinda. Kwa hiyo:

Chomoa batri kwanza. Kwaruza unga mweupe pembezoni kwa sindano nene, polepole, huku mtu akivuta vumbi kwa mashine kama mnayo. Tia WD-40, au mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni, matone tu. Acha usiku kucha. Usitie moto wa gesi hapo, kuna mafuta na plastiki kila upande.

Asubuhi mimina maji yaliyochemka juu ya mfuniko kuzunguka tundu, aluminiamu itanuke kabla kichwa hakijapata joto. Halafu toboa kwa drili ya mili 3, sentimita moja tu, ncha umeipaka grisi ili takataka zishike hapo. Kaza skrubu ya mbao. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu: wanavuta. Wewe usivute! Shika skrubu kwa pensi, zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, hata saa nzima. Kikianza kucheza, ndipo uvute huku unazungusha.

Mama_Piese:
Niko Goma, nauza piese (vipuri) Birere. Kaka, je, ulipima hiyo kapteri kabla haijavunjwa? Kwenye 1ZZ ikiwa baridi upinzani wake wa umeme unatakiwa kuwa kati ya omu 1,630 na 2,740. Wengi wananunua mpya, kumbe waya ndiyo imekatika karibu na plagi. Na ukienda kununua peleka ile shingo iliyovunjika, plagi zinafanana kwa macho tu. Okazio (iliyotumika) sikushauri, itakuja na oringi (mpira wake wa kuzuia mafuta) iliyokauka na utarudi mlimani.

Mwana_Nguba:
Yaya, sikupima. Nimepima sasa kwenye mabaki ya plagi, hakuna kitu, lakini bila shaka ni kwa sababu imekatika. 😂 Nimepima waya mpaka kwenye kompyuta ya gari, ziko sawa.

Turnavisi:
Haya, nimenyamaza.

Mwana_Nguba:
Wandugu, kimetoka! Siku mbili. Jana skrubu ya kwanza iling'oka na unga wa plastiki, nikalia kidogo. Leo nilitia nene zaidi, maji ya moto mara tatu, nikazungusha kama dakika arobaini. Kilitoka na oringi yake imekuwa ngumu kama kucha. Ila kona moja ya plastiki, kama punje ya mchele, haipo.

Muzee_Katuba:
Usiwashe. Ulikuwa na kitambaa chini ya tundu?

Mwana_Nguba:
Ndiyo, chenye grisi.

Muzee_Katuba:
Kitafute humo kwanza. Usipokiona, mulika ndani ya tundu kwa tochi, kisha mwaga mafuta ya motere kupitia kitambaa cheupe. Tundu lisugue kwa msasa laini uliozungushiwa kidole, na kipande cha sponji chenye grisi kizibe ndani wakati unasugua. Oringi mpya ipake mafuta ya motere. Bulo usiikaze kama ya gurudumu: niutoni mita 9, yaani mkono tu na klee fupi.

Mwana_Nguba:
Nimekiona. Kilikuwa kimegandia kwenye grisi ya drili. Aksanti sana, muzee. Kesho napanda Kadutu, jiwe nimeliacha kwenye buti kwa usalama.