Kambi za upasuaji wa moyo Mwanza: tuwahesabie wageni kwa lipi?

Mleta mada, Nyegezi
Wakuu, juzi pale Mwaloni tukisubiri dagaa tulibishana kuhusu madaktari wa nje wanaokuja kujitolea kupasua watoto moyo. Mmoja akasema wanakaa wiki, wanapiga picha na watoto wetu, wanaondoka. Mimi nasema waje, ila tuwahesabie kwa kinachobaki wakishaondoka. Mtoto mwenye tundu moyoni akizibwa vizuri anaweza kwenda zake kucheza. Lakini aliyewekewa mlango bandia wa moyo, ule wa chuma, anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Dawa ikizidi anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda mlangoni. Wa Ukerewe huko nani atampima?

Mama wa Buswelu
Kaka, mahesabu hayo fanyeni nyie ambao watoto wenu wanakimbia. Wangu akipanda kilima cha nyumbani anachuchumaa katikati ya njia, midomo ya bluu. Nikapewa rufaa ya Dar. Zaidi ya kilomita 1,000, nauli, pa kulala, na wadogo zake watatu niwaache kwa jirani! Mgeni akinifikia hapa hapa Mwanza, simuulizi amekuja na kamera ngapi.

Muuguzi mstaafu
Dada, pole sana. Hakuna anayekunyima. Ila watu humwona mpasuaji tu. Yuko wa usingizi, yuko anayeendesha mashine inayozungusha damu moyo ukiwa umesimamishwa, na sisi wa chumba cha mahututi tunaopima mkojo na damu ya kwenye mirija hadi kunakucha. Mtu wa mashine akipanda ndege, mashine inabaki pambo. Timu ya shirika la Save a Child's Heart la Israeli ilipokuja hospitali yetu ya Bugando mwaka 2011, wengi walishangilia watoto waliopasuliwa. Mimi nilimshangilia daktari wa hapo hapo Bugando aliyekuwa akisomeshwa kazi hiyo kule kwao Holon, Israeli.

Kijana wa Igoma
Mnazunguka mbuyu. Watoto wengi wanaoharibikiwa milango ya moyo hapa kwetu walianza na koo tu. Bakteria wa kooni asipotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, ikijirudia ndiyo inakula milango. Penisilini ipo. Aliyekwisha kuugua achomwe sindano kila wiki tatu au nne. Pesa ya tiketi za ndege ipelekwe zahanati.

Mleta mada
Umenibana, lakini nusu. Penisilini haizibi tundu la kuzaliwa nalo. Na aliyetoa pesa kwa ajili ya upasuaji mara nyingi hatoi kwa ajili ya zahanati; hilo sikatai kwamba linaudhi. Basi kila timu isaini kabla ya kuja: wa kwetu asimame mezani na kushika kisu, mtu wa mashine afundishwe, na kila mtoto awe na kliniki na dawa ya mwaka mzima.

Mama wa Buswelu
Sainini. Kambi ni tarehe ngapi?