Vepu na sigara: zitiwe kapu moja?

Assalaam alaykum jamani. Barazani kwetu Mlandege suala hili limeshageuka ugomvi, nalileta hapa. Sigara za umeme, hizi vijana wanazoziita vepu, zibanwe kwa sheria ileile ya sigara, zipigwe marufuku, au zitungiwe kanuni zake? Sheria ya tumbaku ya Bara ni ya 2003, mwaka ambao chombo hiki ndiyo kwanza kinabuniwa China. Na afya si jambo la Muungano, kwa hivyo Baraza letu la Wawakilishi lina kalamu yake.

Mimi nasema zitungiwe kanuni zake. Tazameni Marekani. Walipitisha sheria ya tumbaku 2009, na 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ikaziingiza vepu humohumo. Sheria ile ina tarehe ya kukatia: bidhaa iliyokuwa sokoni 15 Februari 2007 iendelee kuuzwa, iliyokuja baadaye iombe idhini. Vepu wakati huo ndiyo kwanza zinaingia kwao. Basi sigara za zamani, ambazo kila mtu anajua zinaua, zikabaki dukani bila kuulizwa kitu, na chombo kisichochoma jani kikadaiwa makaratasi na vipimo vya maabara ambavyo kampuni kubwa tu ndizo zinazovimudu. Wajanja nao wakaleta nikotini isiyotoka kwenye tumbaku, wakadai sheria haiwahusu. Tundu hilo lilizibwa 2022.

Sizitetei, nikotini inashika mtu. Nilikishika kimoja pale Darajani: cha rangi ya waridi, kifupi kama kalamu ya kupakia rangi, kimeandikwa embe, na kiasi cha nikotini hakikuandikwa popote. Embe! Mzee anayetaka kuacha sigara embe ya nini? Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa nikotini, miligramu 20 kwa kila mililita ya maji ya vepu, na Uingereza ilikataza vya kutupa, vinavyotumika mara moja vikiisha basi, Juni 2025. Nyinyi mnasemaje?

Jibu kutoka Wete:
Wa alaykum salaam, kaka. Hayo ya Marekani mazuri, lakini huku Pemba mtoto katumwa chumvi na dukani anauziwa sigara mojamoja. Miligramu atapima nani? Uganda walikataza kabisa kwa sheria ya 2015, kazi ya afisa ikawa nyepesi: kikionekana kinauzwa, kamata. Mimi nasomesha skuli. Wanakichaji darasani kwa waya wa simu, ukiuliza unaambiwa ni flashi. Sijamwona mvutaji aliyeacha sigara kwa ajili yake, nawaona wasiovuta wakianza.

Mleta mada:
Maalim, hapo kwenye kupima umenibana. Lakini shisha nayo ilipigwa marufuku Bara 2016, waulizeni watu wa Dar kama imekwisha. Na ukikataza vepu ukaiacha sigara, yule aliyekwisha kuhama atarudi wapi kama si kwenye pakti? Nakupa nusu: vya kutupa na ladha za matunda vikatazwe, vinavyobaki viuzwe kwa leseni na kwa watu wazima tu, na sigara mojamoja zikatazwe siku hiyohiyo. Humu wamo wenye maduka, nao waseme: sigara mojamoja mtakubali kuiacha?