Mjadala: Kitabu cha maboyi wa Elisabethville, tukisahihishe au tukiache?

Msomaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Wapendwa, salamu. Tulisema kila mtu aje na anachosoma siku hizi. Mimi nakuja nacho, pamoja na ugomvi wake.

Ninasoma *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Kwa wasiokijua: ni kijitabu cha mwaka 1965, kurasa 33 tu, kilichotungwa na André Yav kwa niaba ya chama cha maboyi wa zamani, wale waliopika, waliofua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu wa mji huu. Jina ni la Kifaransa, ila ndani ni Kiswahili chetu cha Katanga. Kinasimulia tangu enzi za Msiri, mfalme wa zamani wa Katanga, Wabelgiji walivyoingia, mji ulivyoota, na mabwana walivyofuatana. Mwaka uliofuata, 1966, mji ukaitwa Lubumbashi, kwa hiyo kijitabu kilitoka Elisabethville ikikata roho. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nilicho nacho mimi ni fotokopi ya fotokopi, na kurasa za mwisho zimefifia kama chai iliyoongezwa maji mara tatu.

Ugomvi ni huu. Kikundi chetu cha kusoma kina watu 12. Tumepanga kuchanga faranga tutoe nakala za kuwapa vijana wa sekondari. Nusu yetu wanasema kwanza tukinyooshe kiwe Kiswahili bora: "ba" iwe "wa", "njo" iwe "ndiyo", nukta na mikato iwekwe mahali pake. Nusu wanasema ukigusa neno moja umekiua. Mimi niko na hao wa pili.

Nilipoanza kukisoma kilinishinda. Maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati, na sentensi hujui inaishia wapi. Mtu mwenye diploma zangu! Nikakasirika, nikakitupia juu ya kabati, kikakaa wiki mbili. Jioni moja umeme ukakatika, nikakishusha, nikawa nakisoma kwa tochi ya simu, kwa sauti, silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la pili. Nkambo, mzee wetu wa nyumbani, alikuwa barazani anamenya karanga. Yeye hakukanyaga masomo hata siku moja. Nikafika kwenye sentensi iliyokuwa imenishinda mara tatu, nikaisoma nusu, naye akacheka, akaimalizia kabla yangu. Halafu akaniambia: "Weye unasoma na macho. Ile bintu baliandika na masikio." Akarudia karanga zake.

Baadaye nikaja kujua kwamba hata Fabian, profesa mzima, ilibidi msaidizi wake, Kalundi Mango, aisome ile kazi kwa sauti ndipo ieleweke. Sasa tukiinyoosha, tunamsaidia nani?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu, habari ya nkambo ni tamu, nimeisoma mara mbili. Lakini wewe unasoma barazani, mimi nina watoto zaidi ya 60 kwenye chumba kimoja. Mtoto akiona neno limepigwa chapa, kwake hiyo ni sheria. Nikimkata alama kwa kuandika "bile bintu" badala ya "vile vitu", atanionyesha kitabu chenu: "Mwalimu, si njo hivi hapa?" Nitamjibu nini?

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na lugha za taifa ni nyenzo ya kufundishia na pia somo. Kiswahili kikiwa somo kinadai tahajia moja. Huwezi kufundisha somo ambalo kila mtaa una lake.

Na tusisahau kwamba tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mdogo wangu anauza maji na mikate kwa madereva wa Kitanzania wanaopanga foleni mpakani Kasumbalesa. Akisema "iko fasi gani", yaani iko wapi, wanacheka hadi wanashika usukani. Kinauma. Sitaki wanafunzi wangu wachekwe kwa kitu ambacho ningeweza kuwafundisha.

Mtoto wa Birere (Goma)

Mwalimu, shikamoo. Swali moja tu: hao madereva walipomaliza kucheka, mikate walinunua?

Mwalimu wa Katuba

Walinunua. Na chenji waliihesabu mara mbili.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Mimi nimo katikati ya *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, yule wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili mwaka 2022. Sijaimaliza, kwa hiyo msiniharibie mwisho. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na tajiri Aziz. Yeye anajua anakwenda na ndugu wa familia, kumbe baba yake ana deni na mtoto ndiye rehani yenyewe. Kijana wa dukani, Khalil, ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Nilipofika hapo nilifunika kitabu nikaenda kukoroga bukari, yaani ugali, kwa sababu nilimkumbuka msichana wa kazi wa jirani yetu, ambaye naye anaitwa "mtoto wa ndugu" mbele ya wageni.

Kwa nini naleta haya? Kwa sababu Kiswahili cha kitabu hicho si changu. Kuna maneno ya pwani nayazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Lakini nafika. Nafika kwa sababu mtafsiri alitumia Kiswahili ambacho mtu wa Unguja na mtu wa Bukavu wote tunaweza kukishika. Kinyume chake je? Mtu wa Zanzibar akitaka kujua maboyi wa Elisabethville waliishi vipi, atafanyaje na kijitabu ambacho hata wewe wa Kamalondo ulikitupia kabatini?

Ila neno "kusahihisha" linanichoma. Hamsahihishi, mnatafsiri. Hadjivayanis hakumsahihisha Gurnah. Anayetafsiri anakiri kwamba kuna asili mahali fulani nayo ni nzima. Anayesahihisha anasema asili ilikosea.

Mwanafunzi wa Lubumbashi

Mama wa Kadutu amenitolea neno mdomoni.

Mimi ninasoma *Entre les eaux* ya V. Y. Mudimbe, ya mwaka 1973, kuhusu padri Pierre Landu anayewafuata wapiganaji msituni. Mudimbe alizaliwa hapo Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, mwaka 1941. Alifundisha chuo kikuu chetu hapa, akafariki mwaka 2025. Kifaransa chake ni kigumu, kina Kilatini ndani, kina ibada, kina falsafa. Kila ukurasa najikwaa. Na hakuna mtu, narudia, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema Mudimbe arahisishwe kwanza ndipo tupewe. Tunaambiwa fungueni kamusi.

Kwa Mudimbe tunafungua kamusi. Kwa boyi tunafungua kalamu nyekundu. Mwalimu, kwa heshima zote, nielezee tofauti.

Mwalimu wa Katuba

Tofauti ni kwamba Mudimbe alizijua kanuni kabla ya kuzikunja.

Baba wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi)

Bana bangu, na miye niseme kidogo.

Baba yangu alikuwa boyi. Tulilala mu boyeri, kile kijumba cha nyuma ya nyumba ya muzungu, batu saba. Mwalimu anasema bale bazee habakujua kanuni. Pole pole. Baba yangu kila siku ya Mungu alikuwa anasomaka Biblia ya Kiswahili bora, anasoma muzuri, bila kujikwaa. Alikijua. Akitoka mu kanisa anakiacha kule pamoja na koti yake. Ku kazi, ku kilabu, na shiye batoto bake, alisema kile kingine. Sasa muniambie, akikaa kuandika mambo ya maisha yake, aandike na ile ya koti?

Lakini nina neno lingine, na halitawafurahisha bale ba "tukiache". Baba hakupenda tuitwe batoto ba boyi. Hakutusimulia mingi. Siku moja tu alituambia vile muzungu alikuwa anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, na yeye anasimama pale na aproni nyeupe, anangoja. Alipomaliza akanyamaza, na shiye tukanyamaza. Mukimupa kijana wa miaka 15 kile kitabu peke yake, atacheka ile Kiswahili, atacheka na batu bale. Kiandikeni mutakavyo. Miye ninauliza: nani atakaa nabo wakati banasoma?

Mtoto wa Birere

Baba, nimesoma hili la kabati nikiwa kwenye pikipiki nangoja abiria. Abiria amekuja, nimemwambia asubiri.

Mwalimu wa Katuba

Nimekaa na maneno haya tangu jana. Ya Baba wa Kenya sikuyatarajia, nakiri. Napendekeza hivi: kushoto maandishi yenyewe, kama yalivyo, na makosa yake (au tuseme na mwendo wake, mwanafunzi asinirukie). Kulia tafsiri kwa Kiswahili bora, kama alivyosema Mama wa Kadutu. Kila mtu apate chake.

Msomaji wa Kamalondo

Mwalimu, umesogea na nimeona. Lakini wewe unajua watoto kuliko mimi. Ukiweka jibu upande wa kulia, nani atahangaika na upande wa kushoto? Wataruka moja kwa moja kulia, kama tulivyokuwa tunafungua kurasa za majibu nyuma ya kitabu cha hesabu. Halafu kurasa 33 zitakuwa 66, na mtunza fedha wetu ameshaanza kunikwepa sokoni.

Mimi ninge­penda hivi: kushoto pekee, bila tafsiri, na kisomwe kwa sauti tu. Asipewe mtu kwenda nacho nyumbani kabla hakijasomwa mbele ya mzee mmoja angalau. Tafsiri itolewe baadaye, kijitabu chake mbali, kwa ajili ya watu wa Unguja na popote wengine walipo. Mama wa Kadutu, kazi hiyo naona inakutazama wewe.

Mama wa Kadutu

Nilijua tu. Nitajaribu kurasa tano, nikishamaliza *Peponi*. Lakini mtanitumia sauti yenu mkizisoma, la sivyo nitatafsiri kwa macho.

Mwalimu wa Katuba

Sijakubali. Lakini nitaleta wanafunzi watano Jumamosi hapo Kamalondo, tuone. Wawili wanaojua kusoma vizuri na watatu ambao kila siku nawakata alama kwa "bile bintu". Nataka kuona nani atajikwaa.

Baba wa Kenya

Nitakuja. Muniwekee kiti chenye mugongo.

Msomaji wa Kamalondo

Kiti kipo, baba. Nimemwambia nkambo kwamba Jumamosi kuna wageni wanakuja kumsikiliza. Ameuliza kama hao watoto wa mwalimu wanajua kumenya karanga.