Torki konveta ipi inafaa kwa Mark II yenye turbo kubwa?

Swali

Wakuu, nina Toyota Mark II Tourer V ya mwaka 1998, injini 1JZ-GTE, gia boksi otomatiki ya A341E. Tangu nilipoondoa turbo ya kiwandani na kuweka kubwa zaidi, gari limekuwa zito kuondoka: taa zikiruhusu nakanyaga mafuta, mzunguko wa injini unakwama kwenye 2,000 hivi kwa dakika hadi bodaboda wananipita, kisha likifika 3,400 linaruka ghafla. Fundi ananishauri ninunue torki konveta (kifaa cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) ya "3,500". Hata hivyo, kila mwezi naenda Iringa na familia, na mlima wa Kitonga siwezi kuukwepa. Je, nitaunguza gia boksi?

Jibu la 1

Mkuu, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji hiyo 3,500 ilipimwa kwa injini gani. Namba hiyo, yaani kikomo cha mzunguko ambao injini itaishia gari likiwa limeshikwa na breki, haikai ndani ya konveta peke yake, kwa sababu hufuata kipeuo cha pili cha torki (nguvu ya kuzungusha) inayotolewa na injini. Torki ikipungua nusu, konveta iliyopimwa 3,000 itaishia kama 2,100 tu. Injini yako ya lita 2.5, kabla turbo haijaanza kusukuma hewa, ni dhaifu, ndiyo maana unakwama. Presha ikianza kupanda, torki huongezeka na kikomo nacho hupanda chenyewe. Kwa hiyo usitafute konveta inayolingana na mahali turbo inapofikia presha kamili. Tafuta inayoiruhusu injini ifike pale moshi unapoanza kuizungusha turbo kwa nguvu, na kazi iliyobaki itajimaliza. Kwa gari la barabarani, mimi nisingevuka 2,800, kikiwa kimepimwa kwa injini kama yako.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu Kitonga. Ukipanda polepole ukiwa nyuma ya lori, klachi ya ndani ya konveta, inayoifunga isiteleze, huwa imeachia, na utelezi wote unageuka joto kwenye mafuta ya gia boksi. Mimi niliwahi kufungiwa konveta legevu (yenye kikomo cha juu) bila kuongezewa kipoza mafuta. Baada ya safari moja ya milimani nilifuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi kwa kitambaa cheupe, mafuta yakatoka ya kahawia na yananuka kuungua. Funga kipoza chenye feni na geji ya joto, na usikubali konveta isiyo na hiyo klachi, maana kwenye tambarare ndiyo inayokuokolea mafuta ya petroli.

Jibu la 3

Siku ya kufunga simama hapo hapo. Konveta isukumwe huku ikizungushwa mpaka iingie hatua zote, utaisikia ikigonga "ko" kila inapozama. Gia boksi ikishaegeshwa kwenye injini, konveta izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi ya milimita chache kabla ya kuvutwa na bolti. Ikiwa imebana tayari, msikaze, mtavunja pampu ya mafuta.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimempigia muuzaji, naye amekiri kwamba namba yake ilitokana na V8 ya lita 4. Nimemtumia ukubwa wa turbo, uzito wa gari na saizi ya matairi ili anitengenezee ya 2,700. Kipoza nitakifunga wiki hii, kabla ya konveta.