Gitaa la babu, gitaa jipya, au fedha mkononi: kijana anayekwenda kusoma Ubelgiji apewe lipi?

Baba wa Kampemba
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Kijana wetu wa kwanza amekubaliwa chuo kikuu huko Ubelgiji na ataondoka Septemba, Mungu akijalia. Amepiga gitaa tangu utotoni, na jioni bila gitaa lake hatuzijui nyumbani kwetu. Hatupendi masomo yamfanye aliache. Tuna njia tatu: achukue gitaa lililokuwa la babu yake, tumnunulie jipya hapa Lubumbashi, au tumpe dola 200 anunue akifika. Mama yake anataka achukue la babu. Mimi nasita. Naomba mawazo ya waliopitia jambo hili.

Fundi wa Kamalondo
Papa, hongera kwa kijana. Lakini kwa maelezo hayo hakuna atakayekushauri vizuri. Nyuzi ni za nailoni au za chuma? Kuna sanduku gumu au mfuko wa kitambaa tu? Anakwenda mji gani, na atabadilisha ndege wapi? Gitaa lilitengenezwa na nani, kwa mti gani? Ukijibu hayo, ndipo tutakapozungumza.

Mama wa Bel-Air
Mimi sihitaji majibu hayo yote. Mpeni fedha. Binti yangu alipoondoka tulimjazia valizi vitu ambavyo angevipata kule kwa bei ndogo, na koti la baridi likakosa nafasi. Wanafunzi wanaomaliza masomo huuza vyombo vyao, magitaa yakiwemo, kabla ya kurudi makwao. Kijana afike kwanza, aone chumba chake na majirani zake, ndipo achague.

Msafiri wa Katuba
Nakubaliana na mama, na nitaeleza kwa nini. Nilisafiri na gitaa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye sponji nene, nikitegemea kuingia nalo ndani ya ndege kama nilivyoona wengine wakifanya. Kwenye kaunta niliambiwa kwamba ndege imejaa na kwamba halipandi. Nikapewa karatasi ya kufunga kwenye mfuko, nikaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kusoma chochote. Nilipofika, mfuko ulitoka mzima, bila hata mkwaruzo. Nilipoufungua, kichwa cha gitaa kilikuwa kimevunjika pale kinapoungana na shingo, kikining'inia kwa nyuzi zenyewe. Nilikwenda kwenye ofisi ya mizigo siku ileile. Wakaniambia kwamba karatasi niliyotia sahihi inasema shirika haliwajibiki kwa kitu chepesi kuvunjika. Nikaandika barua, wakaomba risiti ya ununuzi. Risiti ya gitaa nililopewa na kaka yangu ningeitoa wapi? Barua zilizofuata hazikujibiwa. Gitaa liliunganishwa kwa gundi, linapigika, lakini kila ninapolishika kidole gumba kinakutana na ule mshono. La babu lisipande ndege.

Fundi wa Kamalondo
Pole sana, ndugu. Hilo ndilo pigo la kawaida: mfuko ukianguka chali, tumbo la gitaa linasimama lakini kichwa kinaendelea kwenda, na nyuzi zilizokazwa zinakisaidia kukatika. Anayesafirisha gitaa alegeze nyuzi bila kuziondoa zote, na ajaze nguo chini ya kichwa na pande zote mbili za shingo mpaka lisitikisike hata kidogo ndani ya sanduku gumu. Pia apime sanduku lenyewe. Mashirika mengi huweka kikomo cha sentimita 158 kwa urefu, upana na kimo vikijumlishwa, na sanduku la gitaa la kawaida hupita hapo, hivyo aulize mapema kuhusu malipo ya ziada.

Baba wa Kampemba
Asanteni. Anakwenda Liège na atabadilisha ndege Addis Ababa. Nyuzi ni za chuma. Tuna mfuko wa kitambaa tu. Lilitengenezwa na fundi mmoja wa Likasi ambaye sasa ni marehemu. Uso ni wa mti mweupe nisioujua, mgongo ni wa mukula, ule mti mwekundu. Niongeze jambo ambalo sikulisema: mdogo wake wa kike ameanza kujifunza kwa gitaa hilohilo.

Mwanafunzi Liège
Karibu kwake. Mimi natoka Katuba na niko hapa. Jambo la kuogopa baada ya ndege ni majira ya baridi. Nje kuna unyevu, lakini ndani ya chumba joto la radieta hukausha hewa, na mbao hukauka nayo. Mafundi hushauri unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Chumba chenye joto huweza kushuka chini sana ya hapo, na uso wa gitaa ukapasuka karibu na daraja la nyuzi. Mimi huweka kisanduku cha sabuni chenye matundu ndani ya sanduku la gitaa, na humo sponji iliyokamuliwa. Halafu kuta za vyumba vya wanafunzi ni nyembamba. Nailoni ina sauti tulivu. Chuma kitamletea jirani mlangoni.

Mpenzi wa Likembe
Kwa nini mnang'ang'ania gitaa? Likembe, kile kinanda kidogo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, linaingia ndani ya mkoba, halivunjiki shingo kwa sababu halina shingo, na halimsumbui jirani. Tena litamtambulisha kwa wenzake kuliko gitaa ambalo kila mtu analo.

Msafiri wa Katuba
Ndugu, kijana anapiga gitaa, hapigi likembe. Na gitaa la Katanga nalo linatambulisha. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 pale Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, alikuwa na gitaa moja tu, kidole gumba na kidole cha shahada, na wapiga gitaa wa Ulaya wakahangaika kujifunza mkono ule. Ndiyo maana nasema asipewe nailoni. Mkono wa kwetu unadai chuma.

Fundi wa Kamalondo
Mkono unabaki mkono hata juu ya nailoni. Ila mtu asije akafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, maana zinavuta kwa nguvu zaidi na zitang'oa daraja. Kuhusu ukavu, tusizungumze kana kwamba sisi hatuujui. Mwezi wa saba hapa Lubumbashi mbao husinyaa mpaka vyuma vya shingo vinachomoza kando na kukwaruza kiganja. Gitaa lililovumilia ukavu wetu miaka yote hiyo lina afya kuliko mnavyodhani.

Mkazi wa Annexe
Hapo penye mukula pasipitwe haraka. Mti huu umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwisho wa mwaka 2019, baada ya misitu yetu ya Haut-Katanga kukatwa bila huruma. Masharti yanalenga magogo na mbao, zikiwemo zilizopasuliwa na plaiwudi, si gitaa lililokamilika, lakini afisa wa forodha hawezi kuisoma mimea kwa macho. Miti ya jamii ya Dalbergia, ile ya rosewood inayotengenezewa magitaa, ilipoorodheshwa mwaka 2017, wanamuziki walipata taabu mipakani mpaka ala zilizokamilika zilipoondolewa sharti mwaka 2019, isipokuwa ule wa Brazili. Aulize ofisi ya mazingira, apewe karatasi.

Mama wa Bel-Air
Mmezungumza mbao na mkamsahau yule binti. Kaka anaondoka, mkiondoa na gitaa, jioni zile atazimaliza na nini? Kwangu, binti yangu alipoondoka, aliyeumia zaidi pale uwanja wa ndege wa Luano alikuwa mdogo wake aliyerudi kwenye chumba cha peke yake, na hakuna aliyemwandalia kitu. Gitaa la babu libaki kwa binti. Wakati wa baridi Ubelgiji iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na wakati wa kiangazi chao saa zetu zinalingana. Wapangiane siku, kaka amfundishe kwa simu baada ya bukari, yaani ugali, ya jioni.

Baba wa Kampemba
Mama, hayo nimemsomea mke wangu. Amenyamaza kwanza, kisha akasema kwamba babu alimwahidi kijana kwa mdomo wake mwenyewe, na ahadi ya marehemu haipangwi upya. Sijui nimjibu nini. Kijana naye anasema tuamue sisi.

Fundi wa Kamalondo
Basi lileteni Jumamosi nilione kabla hamjaamua. Kama shingo imeanza kupinda, safari haliiwezi. Njooni na watoto wote wawili.

Mpenzi wa Likembe
Na sanduku gumu linauzwa wapi hapa mjini? Hilo bado hatujajibiwa.