Tupeane uzoefu: Nakumatt ilivyoendeshwa ndani, kabla rafu hazijakauka

Mchunga Troli
Wakuu, kuna kizazi kinachozunguka Mlimani City ya Dar, au Thika Road Mall (TRM) kule Nairobi, bila kujua kwamba pale zamani alikuwa amelala tembo. Nakumatt, supamaketi ya Kenya yenye nembo ya tembo, ilianza kama duka la magodoro Nakuru (jina lenyewe ni Nakuru Mattress iliyofupishwa). Ikafikisha matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Kwetu Tanzania iliingia Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka 3 ya Shoprite. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa.

Nani alimpata mchumba kwenye foleni, huo ni uzi mwingine. Hapa nataka wanaozijua shughuli zile: mizani, kaunta, stoo, waleta mali, jengo. Ziliendaje, na zilikuwa zikiharibika wapi?

Mizani 13
Naanza na mizani, maana ndiyo iliyokuwa ikikwamisha foleni kuliko kitu kingine.

Nyanya hazikwenda moja kwa moja kwenye troli. Unachana mfuko mwembamba kwenye roli, unajaza, unampelekea dada wa mizani, anabonyeza namba ya bidhaa, mashine inatema stika. Stika hiyo ina tarakimu 13 na inaanza na 2. Bidhaa ya kiwandani iliyosajiliwa Kenya inaanza na 616, ya Tanzania 620. Ile 2 ya mbele maana yake namba imetengenezwa humu humu dukani. Zinafuata namba ya bidhaa, kisha bei au uzito, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba skana haikusoma vibaya.

Kulikuwa na balaa tatu. Ya kwanza mnaijua: mteja amefika kwa keshia hajapima, kijana anatumwa mbio, watu 6 nyuma wanaguna. Ya pili, stika imebandikwa juu ya fundo la mfuko, ikakunjamana, skana haisomi, na keshia anaanza kugonga tarakimu 13 kwa kidole. Dawa ilikuwa ndogo tu: kunyoosha tumbo la mfuko kabla ya kubandika.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikigombanisha watu stoo. Dada anapima hoho nyekundu, kidole kinaangukia namba ya hoho ya kijani, ambayo bei yake ni ya chini. Mteja anaondoka anafurahi. Mwisho wa mwezi kompyuta inasema hoho za kijani ni hasi kilo 4, na nyekundu zipo kilo 4 ambazo rafuni hazionekani. Wote wanasema wizi. Ukiona bidhaa mbili jirani, moja imezidi na nyingine imepungua kwa kiasi kilekile, angalia kwanza vitufe vya mizani kabla hujamshuku mtu.

Keshia wa Zamu ya Usiku
Mizani 13 umenikumbusha kugonga tarakimu, vidole vinauma mpaka leo 😂

Mimi naongezea kadi ya pointi, Smart Card. Ilipaswa kupitishwa kabla keshia hajafunga risiti. Ukiitoa risiti ikishachapwa umechelewa, kwa sababu keshia hana mamlaka ya kufungua muamala uliofungwa. Unatumwa kaunta ya huduma kwa wateja na risiti yako mkononi, na huko kuna foleni nyingine.

Upakiaji nao ulikuwa na kanuni zake. Sabuni na dawa za mbu mfuko wake peke yake, maana mkate hunyonya harufu haraka kuliko mtu anavyodhani. Makopo na unga chini, mayai na mkate juu, vya friji pamoja ili vipoozane hadi nyumbani. Mifuko yenyewe, wengine juala, wengine rambo: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mwaka uleule matawi yalipokuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Tanzania marufuku ilikuja 1 Juni 2019, tembo akiwa ameshaondoka.

Mleta Mali
Hayo ni ya mbele. Tuje nyuma ya pazia, ndiko duka lilikofia.

Supamaketi inauza kwa keshi leo, inamlipa mleta mali baada ya siku 30, 60 au 90. Katikati hapo inazungusha pesa ya mtu mwingine. Ikinunulia mali nyingine, hakuna neno. Ikifungulia tawi jipya, pesa ya miezi 2 imefungwa kwenye vigae, friji na rafu ambazo zitarudisha gharama kwa miaka. Tawi moja unaweza kubahatisha. Ukifululiza, kila tawi jipya linalipia deni la tawi lililotangulia.

Dalili zilisomeka rafuni mapema kuliko magazetini, na hata leo unaweza kuzitumia kwenye duka lolote:

Kinaanza kupungua kina. Rafu ya kuingia pakiti 6 nyuma kwa nyuma inabaki na safu moja mbele, nyuma boksi tupu. Kwa macho imejaa. Ingiza mkono, utagusa bati.

Kisha upana unadanganya. Biskuti aina moja inatandazwa mita 3 pale palipokuwa na aina 15. Maji ya chupa na karatasi za chooni zinapangwa kama ukuta mwisho wa kila njia, kwa sababu zinakula nafasi kubwa kwa pesa kidogo. Nakumatt ilikuwa pia na bidhaa za jina lake, Blue Label, sukari, mchele na kadhalika. Bidhaa ya jina la duka ikianza kujaza sehemu ambayo si yake, jua mwenye sehemu hiyo ameacha kuleta.

Mwishowe rafu ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaachwa wazi, kila kilichobaki kinakusanywa usawa wa macho.

Watu hudhani wadogo ndio wanaoacha kwanza. La. Kiwanda kikubwa kina idara ya madeni: siku zikipita kikomo akaunti inafungwa, gari halipakii, hakuna cha kubembeleza. Mdogo ndiye anayeendelea, maana akiacha anaogopa lile deni la zamani halitalipwa. Kwa hiyo duka likifungwa, yeye ndiye mwenye lundo la ankara.

Njia Panda
Mleta Mali, mbona mkate na maziwa vilikuwepo hadi dakika za mwisho?

Mleta Mali
Vinalipwa keshi mlangoni, na kwa siku vinarudisha pesa yake. Tatizo ni friji. Friji la wazi lililojaa linashikilia ubaridi kwa sababu maziwa yenyewe ni baridi. Likibaki na pakiti 20, umeme ukikatika muda mfupi tu joto linapanda, na jenereta ikichelewa mtindi unavimba vifuniko. Kwa hiyo rafu tupu ilikuwa inaharibu hata kile kidogo kilichobaki.

Ramani ya Jengo
Kwa upande wa mall. Supamaketi kubwa huwekwa ndani kabisa au ghorofa ya chini ili anayefuata unga apite mbele ya viatu, simu na duka la dawa. Ndiyo maana hulipa kodi ndogo kwa kila futi ya mraba kuliko vibanda vidogo: inalipa kwa miguu ya watu. Ikifa, mwenye viatu hajapoteza jirani tu, amepoteza wapita njia, huku kodi yake ikibaki ileile. Wenye mikataba mizuri walikuwa na kipengele cha kupunguziwa kodi nanga ya jengo, yaani mpangaji mkubwa anayevuta watu, ikiondoka. Wengi hawakuwa nacho.

Malls zilizopona ni zile zilizopata nanga mpya upesi. Carrefour ilichukua nafasi ya Nakumatt pale TRM na Junction, na maduka 6 ya mwisho yakaenda Naivas.

Na tusisahau moto wa tawi la Downtown, Nairobi, Januari 2009, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 20. Mlango wa dharura unafungukia nje, kwa kusukuma, bila ufunguo, na mbele yake hapawekwi troli wala katoni za ofa. Nikiingia supamaketi yoyote naanza kuutafuta huo kabla ya sukari.

Mwana Embakasi
Nje ya mada kidogo: Taj Mall, jengo la maduka huku Embakasi, Nairobi, ilibomolewa Septemba 2018, lakini steji bado inaitwa Taj Mall. Mgeni akiambiwa ashukie hapo, mwambieni asitafute jengo.

Njia Panda
Na pointi na vocha za zawadi zilienda wapi?

Keshia wa Zamu ya Usiku
Mwenye vocha ni mdai asiye na dhamana. Benki yenye dhamana ina mali yake iliyoishikilia, msimamizi anakata gharama zake, wanafuata mishahara na kodi kwa viwango vya sheria, na wewe na vocha yako mnasimama mkiani pamoja na waleta mali. Vocha ni mkopo uliompa duka. Itumie mwezi huohuo.

Mchunga Troli
Swali la mwisho: kuna wanaotunza risiti za zamani za Nakumatt kama kumbukumbu, zimefifia zote. Zinaokoleka?

Mizani 13
Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto. Jua, mafuta ya mikono na mifuko laini ya plastiki ya albamu ndivyo vinavyoifuta. Itoe kwenye plastiki, iweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu penye giza, usiipige laminesheni, mashine itaifanya nyeusi yote. Iliyofifia ipige picha au iskani kwa rangi, kisha ongeza kontrasti kwenye simu, mara nyingi maandishi yanarudi. Wapo wanaopuliza hewa ya moto ya kukaushia nywele upande wa nyuma: karatasi inakuwa kijivu na herufi zinabaki nyeupe. Inafanya kazi mara moja tu, na ukizidisha sekunde chache imekwenda. Kwa hiyo piga picha kwanza.