Chumba kinawaka moto usiku, nichukue AC ya BTU 9,000 au 12,000?

Mpole wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana hata hapa naandika huku jasho linadondokea simu.

Nipo Dar, Mbagala. Chumba kina futi 12 kwa 13. Tangu Januari iingie hatulali. Saa tano usiku ukigusa godoro utadhani limetoka kupigwa pasi. Feni ya kusimama ninayo, ila inapuliza joto lilelile. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, usiku anaamka anakwenda kulala sakafuni sebuleni.

Nimeamua kufunga AC. Kuna jamaa ana za mtumba kutoka Ulaya, inveta, zile zinazopunguza mwendo zenyewe, anasema zinakula umeme kama friji tu. Ana ya BTU 9,000 na ya 12,000, yaani nguvu ya kupoza. Swali langu ni hilo moja: nichukue ipi? Wenye uzoefu tafadhali. Matusi hapana.

Kaka Mkubwa
12,000. Uzi ufungwe.

Pweza Mkavu
AC ya mtumba, inveta, inakula kama friji. Ngoja nivute kiti, karanga ninazo.

Binti Makete
Nyie watu wa Dar mnadeka. Huku kwetu mwezi wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, maji ya kwenye ndoo hayashikiki. Joto sisi tunalitafuta kwa hela. Na kwa sababu ya kulitafuta, miaka michache nyuma jirani yetu aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga na dirisha ili joto lisitoke. Asubuhi walivunja mlango. Mkaa hauna harufu ya kukuamsha, unalala moja kwa moja. Tangu siku ile mama yangu jiko analala nalo mbali, hata mvua inyeshe linabaki nje. Kwa hiyo kaka shukuru, jasho halijaua mtu.

Mpole wa Mbagala
Dada pole sana kwa msiba. Lakini mimi nauliza AC.

Fundi Kompresa
Mkuu nimefunga hivi vitu miaka mingi, nijibu kwanza ndiyo nikujibu. Moja, juu kuna dari? Mbili, ukuta wa kitanda unapigwa na jua la jioni? Tatu, kibandiko cha kile chombo cha nje cha AC kimeandika gesi gani? Nne, mita ya umeme ya LUKU ni ya kwako peke yako? Tano, nyumba ni yako?

Mpole wa Mbagala
Dari bado, ni bati moja kwa moja. Ukuta ndiyo, jua la jioni lote linaishia pale. Gesi sijaangalia. Umeme upo, haukatiki sana.

Fundi Kompresa
Umejibu matatu kati ya matano. Tutarudi huko.

Tuanze na bati. Saa nane mchana bati lenye kutu au rangi ya kukoza huwezi kuliwekea kiganja. Likishafika hapo linageuka jiko lililopinduliwa, linachoma kila kilicho chini yake: godoro, kabati, tofali. Jua likizama bati lenyewe linapoa haraka, ila tofali haziachii. Zimenyonya mchana kutwa, zinakurudishia usiku kucha. Ndiyo maana godoro lako lina moto saa tano.

Chumba chako ni kama mita za mraba 14 na nusu. Kingekuwa na dari, BTU 9,000 ingetosha na kusaza. Chini ya bati tupu hata hiyo 12,000 itahema. Na baridi yote inapitia juu, kwenye mwanya wa ukuta na bati, inakwenda kupoza mwembe wa jirani.

Mzaramo Dodoma
Chukua ile feni ya kuweka maji kwa nyuma. Mimi ninayo huku, nalala na blanketi.

Fundi Kompresa
Dodoma hewa kavu, maji yanakauka haraka na yakikauka yanabeba joto. Dar hewa imeshashiba unyevu, hayakauki. Atakachopata ni feni inayotema mvuke. Atalala kwenye chungu cha pilau.

Shangazi wa Mji wa Kale
Salaam kutoka Mombasa. Wanangu, nyumba ya bibi yangu ina kuta za mawe ya matumbawe, mkono mzima unaingia kwenye unene wa dirisha. Darini juu, ua katikati, madirisha yenye vibao vya kupitishia upepo. Mchana wa Februari waingia pale kama umeingia kisimani. Hatukujua AC ni nini. Kisha mjomba akaja, akabomoa upande mmoja akajenga kwa bloku za inchi sita na mabati, akaita nyumba ya kisasa. Sasa kila mwezi analia na tokeni za stima. Wajomba ni watu wa ajabu. Huyu huyu ndiye aliyeuza milango ya nakshi ya babu, ile miwili, kwa mtalii, pesa hazikuonekana. Lakini hayo si ya hapa.

Kaka Mkubwa
Shangazi endelea na habari ya milango.

Mshi wa Bukavu
Ndugu zangu, mimi niko Portland, jimbo la Maine, Marekani. Huku Januari inashuka mpaka 20 chini ya sifuri. Nyumba nyingi zimezoea kuchoma mafuta kwa ajili ya joto, na mafuta ni ghali. Sasa watu wanaweka mashine ileile ya AC, ila ina vali ya kugeuza mzunguko. Wakati wa baridi inachota joto la nje na kulisukuma ndani. Nilicheka walivyoniambia kuna joto nje wakati theluji iko magotini. Lakini ni kweli, lipo, mashine inalikusanya tu. Kwa yuniti moja ya umeme inakupa joto la yuniti mbili, hata tatu baridi ikipungua. Jimbo lilipanga kufunga mashine 100,000 ifikapo 2025, lengo wakalifikia 2023.

Nataka kusema hivi: kabla ya kunifungia walikuja na feni kubwa, wakaipachika mlangoni, wakavuta hewa ya nyumba nzima ili waone upepo unapenyea wapi. Wakaziba. Wakajaza juu ya dari karatasi zilizosagwa. Ndipo mashine ikafuata, tena ndogo kuliko niliyodhani.

Fundi Kompresa
Umesikia, Mpole? Huyo yuko kwenye theluji na wewe uko kwenye tanuri, dawa ni moja.

Sasa mita na nyumba. Umeruka mara moja, usiruke mara mbili.

Mpole wa Mbagala
Sioni nyumba kuwa ya nani inaingiaje kwenye BTU.

Pweza Mkavu
Kumekucha.

Mpole wa Mbagala
Basi. Nimepanga. Chumba na sebule. Tuko milango mitatu pamoja na mama mwenye nyumba, mjane, mtu mzima. Mita moja. Kila mlango unachanga elfu 3 kwa mwezi. Ila mimi nitakuwa naongeza hela yangu, siyo kwamba nataka kumnyonya mtu.

Fundi Kompresa
Elfu 9 mnapata yuniti ngapi?

Mpole wa Mbagala
73 na vipointi.

Fundi Kompresa
Hapo ndipo penyewe, na ndipo ulipopaficha.

Huyo mama yuko kwenye tarifu, yaani bei ya umeme, ya matumizi madogo. Yuniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, ukiweka kodi ni kama 122. Ukivuka 75, kila yuniti ya ziada ni 350, na kodi zake inagonga 427. AC ya 12,000 isiyo inveta inavuta kilowati moja na kidogo. Chini ya bati lako, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, nakadiria yuniti 8. Zile 75 zinaisha usiku wa kumi, kabla hata taa ya mama haijahesabiwa. Mwezi mzima ni yuniti 240, kama laki moja kwa bei ya ziada. Halafu akaunti ikionekana inavuka kila mwezi wanaihamishia kwenye tarifu ya kawaida, kila yuniti shilingi 356 na kodi zake, na kurudi si jambo la siku moja. Wewe utahama, mama atabaki nayo.

Friji yako hailambi hata yuniti mbili kwa siku. Huyo jamaa alikuwa anaongelea friji ya bucha.

Mzee Kikoi
Kijana, mama mjane amekuwekea umeme wa elfu tatu, nawe unamtafutia deni. Je, umemwomba ruhusa? Umeshika nyundo utoboe ukuta wake bila hata hodi? Vijana wa siku hizi mnaoa kabla hamjajifunza kuomba.

Mpole wa Mbagala
Mzee shikamoo. Ruhusa sijaomba kwa sababu najua atakataa. Nilipanga niwe nawasha saa nne wakishalala. Na AC nimeshatoa kianzio, 250,000. Sasa mnataka nifanye nini, niache hela ya watu ipotee? Mke anateseka. Nyie hamlali naye.

Kaka Mkubwa
"Nyie hamlali naye" 😂 Hapo umejieleza vizuri.

Shangazi wa Mji wa Kale
Awashe usiku wasijue? Mwanangu, kile cha nje changuruma kama matatu inayosubiri abiria.

Jaji wa Uzi
Samahani wakuu, nimepitia nyuzi za zamani za mtoa mada. Tarehe 14 Oktoba mwaka jana alifungua uzi, "Natafuta mchumba aliye tayari kwa ndoa, umri 23 hadi 28". Kutoka Oktoba hadi leo Februari ni miezi mingapi? Na ujauzito ni wa miezi mingapi? Mimi nauliza tu.

Pweza Mkavu
Karanga zimenikaba.

Binti Makete
Kumbe nimetoa habari ya marehemu wetu kwenye chai ya kutunga!

Mpole wa Mbagala
Akaunti hii tulikuwa tunatumia na mdogo wangu.

Kaka Mkubwa
Mdogo wako huwa hakosi kwenye nyuzi hizi. Kila mwizi ana mdogo.

Jaji wa Uzi
Mimi nadhani ni dalali. Mtazamo wangu: yeye anauliza, Fundi Kompresa anajibu, wote ni mtu mmoja. Kesho utaona "nicheki PM kwa AC za Ulaya bei poa". Wasimamizi waangalie.

Fundi Kompresa
Jaji, tuheshimiane. Dalali gani anampigia mteja hesabu ya laki moja ili asinunue? Nimekaa hapa saa nzima bure, feni yangu mwenyewe imesimama umeme umekatika, naandika kwa chaji ya asilimia 9.

Mshi wa Bukavu
Mimi simwoni mwongo. Mtu akitaka kutunga hadithi anatunga nyumba nzuri, hatungi mita ya kuchanga.

Jaji wa Uzi
Picha. Bila picha uzi huu ni batili.

Mpole wa Mbagala
[picha: bati kwa ndani, mbao za kenchi, taa moja inayoning'inia]
[picha: kibandiko cha mashine ya nje]

Ya pili kanitumia jamaa mwenyewe leo. Mke simpigi picha kwa ajili yenu. Mwenye kuamini aamini.

Jaji wa Uzi
Bati nimeliona. La mchumba bado halijajibiwa, ila sawa.

Fundi Kompresa
Asante kwa kibandiko. Vuta karibu usome mwenyewe. Gesi: R22. Hiyo ni gesi inayoondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa nchi kama yetu mwisho wake ni 2030, kwa hiyo kila mwaka inazidi kuadimika. Siku ikivuja utaitafuta kwa tochi. Pili, nguvu ya kupoza imeandikwa namba moja tu. Inveta halisi inaandikwa kwa kiwango, ya chini mpaka ya juu, kwa sababu kompresa inapunguza na kuongeza mwendo. Hii inawaka yote au inazima yote. Kale kastika kekundu ka "inverter" kamebandikwa juu ya kutu. Kutu ilitangulia.

Mdai hela yako. Hela hiyo inaweza kukuanzishia dari la chumba hicho kimoja, na bati juu upake rangi nyeupe ya bati. Nyeupe inarudisha jua kabla halijaingia. Chokaa mbichi usipake, inakula zinki.

Mpole wa Mbagala
Wakuu narudi baada ya siku nne.

Jamaa karudisha 150,000, nyingine anasema ni ya "usumbufu". Mama mwenye nyumba nimemwambia yote, nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka. AC hataki kuisikia. Dari kakubali, kasema nikiweka risiti mezani atanikatia kwenye kodi ya miezi miwili. Mke kaenda kwa dada yake Kibaha hadi fundi amalize, vumbi.

Swali. Nataka pangaboi badala ya ile feni ya kusimama. Linafungwa kabla ya dari au baada?

Kaka Mkubwa
12,000.

Fundi Kompresa
Kabla. Ndoano ishike kenchi yenyewe, usiining'inize kwenye jipsamu, itakudondokea na shemeji. Pangaboi linakula wati 70 hivi, yaani usiku mzima nusu yuniti na kidogo. Ongeza elfu 1 kwenye mchango, umwambie mama ni ya nini. Na mwanya ule wa juu ya ukuta uzibe kwa wavu, si kwa simenti. Joto la kati ya bati na dari linahitaji pa kutokea.

Jaji wa Uzi
Kibaha kwa dada yake, au kwao bado mahari haijaisha?